Mwanangu Ataka Pesa za Slabu Akasomee Satelaiti

Asalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Kisauni, kazi yangu mahamri na mbaazi. Saa kumi alfajiri niko jikoni nasukuma, saa kumi na mbili wateja washajaa kibarazani. Kwa mahamri hayo hayo nimesomesha, na huyu wangu wa kwanza akafika chuo kikuu, akatoka na digrii ya uhandisi wa umeme. Sasa ana miaka 27. Yuko kwenye yadi ya makontena, upande wa yale ya baridi yanayobeba samaki na avokado. Mshahara si wa kujivunia, lakini mwisho wa mwezi unaingia, Alhamdulillahi.

Miezi mitatu sasa, kila nikiamka namkuta macho. Kompyuta mbele, vidude masikioni, anaandika. Nikadhani ni kamari za mpira, maana hiyo ndiyo iliyomaliza vijana wa mtaa wetu. Nilipombana akasema, "Mama, hili ni darasa. Kwao Marekani ni mchana, kwetu ndio usiku." Darasa la nini? La uhandisi wa mifumo ya vyombo vya anga za juu. Nilimwambia arudie mara mbili, na bado sina hakika kama nimeliandika sawa.

Hayo ya usiku ni ya bure, ya kuonjesha. Kozi yenyewe ni ya siku tano, mtandaoni vilevile, na bei yake dola 2,300. Binti yangu amepiga hesabu, ni karibu laki tatu. Mwenyewe ana elfu 80 alizoweka. Zilizobaki anazitaka kwangu, kwa kuwa ajua mwezi huu mchezo umenifikia mimi. Mwalimu, pesa hizo ni za slabu. Fundi ashachukua arubuni, kokoto lori zima zimemwagwa mlangoni, watoto wa jirani wamezifanya kilima cha kuchezea. Nilitaka vyumba viwili juu nipangishe, nipumzishe hii mikono.

Tena kuna kijana mmoja ana ofisi mjini, ghorofani. Asema akipewa elfu 40 atakifanya hicho cheti "kitambulike", halafu amuunganishe mwanangu na kampuni ya roketi huko huko Marekani, mshahara wa dola. Mwanangu amwamini sana.

Ijumaa walipokuja kaka zangu kula, nikalitoa mbele yao. Nikasema, mwanangu ataka kwenda mwezini, nani atamchangia nauli? Watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Yeye akanawa mkono akatoka, pilau hajamaliza. Tangu siku hiyo ni salamu tu, hatuna zaidi.

Nambie ukweli, Mwalimu. Huu ni utapeli? Na hata kama si utapeli, Mombasa hii roketi iko wapi? Nimpe pesa, au nimwage zege?

Mama Mahamri, Kisauni

* * *

Waaleikum salaam, dada yangu.

Mwaga zege. Nimeanza na hilo kwa sababu najua kokoto ziko mlangoni na fundi hangoji. Lakini usimwendee mwanao ukamwambia Mwalimu amesema ni upuuzi, kwa maana sikusema hivyo, na sitasema.

Kwanza nikueleze analosomea, kwa kuwa unalijua kuliko unavyodhani. Slabu yako ina fundi wa nondo, fundi wa stima, fundi wa mabomba na mmwaga zege. Kila mmoja ni hodari wa kazi yake. Sasa zege limwagwe kabla fundi wa stima hajapitisha vijibomba vyake vya nyaya. Utafanya nini? Utaita mtu na nyundo na patasi aje atindue slabu mpya. Hakuna fundi aliyekosea kazi yake, ila hapakuwa na mtu wa kuuliza nani atangulie, bomba la huyu litapita wapi kwenye nondo za yule, na tutajuaje kila kitu kimekaa sawa kabla ya kufunika. Mtu huyo ndiye mhandisi wa mifumo. Kwenye satelaiti kazi yake ni nzito zaidi, maana kitu kikisharuka huwezi kwenda na patasi.

Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwa jambo la namna hiyo hiyo. Kilisafiri zaidi ya miezi tisa hadi Mirihi. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa kipimo cha paundi, waongozaji wa safari wakazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Paundi moja ni karibu nyutoni nne na nusu. Kosa dogo dogo likajikusanya njiani, chombo kikafika chini kuliko ilivyopangwa, kikapotea. Wote walikuwa wasomi. Kozi kama hii ya mwanao ipo ili mambo ya aina hiyo yashikwe mapema. Elimu hiyo ni ya kweli na wanaoifundisha wapo.

Tatizo liko kwenye bei, na ni jambo ambalo matangazo hayalisemi waziwazi. Kozi hizi za siku tatu au tano za dola elfu mbili na kitu huuzwa zaidi kwa waajiri. Mhandisi yuko kazini tayari, kampuni yake inaunda satelaiti, bosi anaona kijana hajui vizuri mambo ya joto au ya mawasiliano, anampeleka siku tano, ankara inakwenda ofisini. Akirudi, Jumatatu anakitumia alichofunzwa. Mwanao akimaliza Ijumaa, Jumatatu anarudi kwenye makontena, na baada ya miezi sita nusu ya aliyoyasikia imeyeyuka. Ni kanzu nzuri iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na cheti chake ni cha kuhudhuria. Hakimfanyi mtu mhandisi. Hapa kwetu anayesajili wahandisi ni Bodi ya Wahandisi, EBK, chini ya sheria ya 2011. Nitamuuliza mwenyewe hapo chini kama amejisajili. Nina wasiwasi jibu ni hapana, maana vijana hulikimbilia la mbali wakaliacha la mlangoni.

Huyo wa ghorofani sasa. Dada, hapo ndipo utapeli ulipo. Kuvitambua vyeti vya nje ni kazi ya asasi za serikali zenyewe, na mtu huwapelekea maombi yake moja kwa moja. Hakuna chumba kimoja mjini kinachoweza "kukifanya kitambulike" cheti cha siku tano kwa elfu 40. Na hiyo kazi ya roketi Marekani ni uongo wenye kiatu cha ngozi. Marekani wana sheria wanayoiita ITAR. Roketi na sehemu kubwa ya teknolojia ya anga hubanwa na sheria hizo za udhibiti, jirani na silaha, kwa hiyo makampuni yao huajiri raia, wenye green card, na waliopewa ukimbizi au hifadhi. Mkenya akiwa Kisauni na cheti chake mkononi huwa hapiti hapo, hata awe bingwa. Baadhi ya kozi zenyewe hazimruhusu asiye wa huko kuingia. Kwa hiyo elfu 40 zisitoke. Kama zishatoka, adai risiti leo, kisha adai pesa zake.

Umeuliza roketi iko wapi. Ukitoka hapo kwako ukashika barabara ya Malindi, ukaipita Malindi yenyewe kidogo, utafika Ngomeni. Nje baharini Waitaliano waliweka jukwaa lao, na kati ya 1967 na 1988 roketi zilirushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, ilirushwa satelaiti ya kuchunguza nyota kwa eksirei, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo. Kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Uhuru, kwa Kiswahili hicho hicho chetu. Aliyesimamia mradi wake huko NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa elektroniki. Vitabu vya nyota duniani kote vinaitaja Uhuru, nasi wa Pwani hatusimuliani.

Pwani ilipendwa kwa sababu moja: tuko karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kasi kuliko kwingine, na roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure, tena mbele yake ni bahari tupu. Siku hizi Ngomeni hairushi roketi, lakini vituo vya kuwasiliana na satelaiti vipo. Nairobi kuna Shirika la Anga la Kenya, lililoanzishwa 2017. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kisatelaiti chake, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kilichoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani Mei 2018. Na Aprili 15, 2023, Taifa-1 ikaruka kwa roketi ya SpaceX kutoka California, baada ya kutengenezwa na Wakenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Kwa hivyo kazi zipo, ila ni chache, na sitaki kukudanganya kwamba zinamngoja. Zitakapotangazwa, mwombaji mwenye kitu cha kuonyesha ndiye atakayesikilizwa.

Sasa mpe simu mwanao asome mwenyewe.

Mwanangu, nimekusema hapo juu, uvumilie. Hamu yako ni njema. Tena una jambo ambalo nadhani hulioni. Wewe unalinda joto la kitu kilichofungwa ndani ya sanduku, kinachosafiri mbali, ambacho huwezi kukifungua njiani. Una sensa za joto, una kidhibiti kinachorekodi kila kitu, una kengele za hitilafu, na kabla kontena halijapakiwa unalifanyia ukaguzi wa kabla ya safari, hatua kwa hatua, na unatia sahihi. Badilisha neno kontena uweke satelaiti, na umeeleza nusu ya kazi ya mhandisi wa joto na wa majaribio. Tofauti ni kwamba kule hakuna hewa. Feni haina maana, joto linatoka kwa mnururisho peke yake, kama lile la jua linavyotufikia, na kwenye kimo cha kilomita 500 chombo kinaizunguka dunia kwa dakika kama 95, mara nyingi zaidi ya 30 kati ya hizo kikiwa kivulini. Choma, ganda, choma, ganda, mara 15 kwa siku. Ukiandika kurasa nne ukilinganisha hayo mawili kwa hesabu zako mwenyewe, mimi kama ningekuwa naajiri ningekuita.

Ya kusoma bila kulipa ni mengi. MIT, chuo kikuu cha Marekani, wameweka wazi mtandaoni darasa lao la 2005 la uhandisi wa mifumo, ambalo muhula mzima lilichambua chombo cha Space Shuttle. Alilifundisha Jeffrey Hoffman, yule mwanaanga aliyetoka nje ya chombo 1993 kuikarabati darubini ya Hubble, pamoja na Aaron Cohen, aliyewahi kusimamia mradi wa chombo hicho NASA, na wageni wao walikuwa watu waliokibuni chombo chenyewe. Mwongozo wa NASA wa uhandisi wa mifumo unapakuliwa bure. Viwango vya Ulaya vya kazi za anga, ECSS, bure. Programu ya NASA ya kupanga mizunguko ya satelaiti, GMAT, bure. Kwenye edX, tovuti ya masomo ya vyuo vikuu, wapo EPFL ya Uswisi na TU Delft ya Uholanzi, na mengi yao unaweza kuyasikiliza bila kulipa, ukalipia cheti tu ukikitaka. Haya hayana saa. Utayasikiliza baada ya magharibi, ulale saa nne. Mama yako hakulisema hili ila mimi nalisema: makontena yale yanakula umeme wa volti 400 na zaidi. Mtu aliyelala kwa muda wa saa mbili tu hana haki ya kufungua plagi hiyo.

Usianze na video ukafika mwisho hujashika kalamu. Anza na hesabu moja. Chukua mchemraba wa sentimita 10. Upande mmoja ukilikabili jua moja kwa moja unapokea kama wati 13 na nusu, na seli nzuri hugeuza kama thuluthi yake kuwa umeme. Hiyo ni pungufu ya taa ya jikoni kwenu. Humo utoe umeme wa redio, wa kompyuta, wa kamera, na wa kuchaji betri ya kivulini. Panga nani awake saa ngapi. Ukikwama, hapo ndipo masomo yatakapoanza kukuingia.

Kisha tengeneza kitu. Kuna kidude cha kupokelea redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinaitwa RTL-SDR, dola 30 au 40. Antena yake utaiunda mwenyewe: vipande viwili vya waya mgumu, kila kimoja sentimita 53 hivi, uvitanue kama herufi V na uvilaze sambamba na ardhi. Satelaiti za hali ya hewa za Urusi, Meteor, hupita juu yetu zikituma picha kwenye masafa ya megahezi 137 na kitu. Programu ya SatDump, bure pia, huigeuza ile kelele kuwa picha. Ikipita juu kabisa una dakika kama 15, ikipita pembeni ni chache zaidi, na kwenye dakika hizo utajifunza kwa nini wahandisi hugombana kuhusu antena. Kupokea tu lakini. Usirushe chochote hewani bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ukiimudu, kuna mtandao wa wajitoleaji wa SatNOGS wenye vituo vya kupokelea duniani kote, na kituo cha Mombasa kina faida ya kuwa mahali ambapo vituo si vingi.

Elfu 80 zako zitoshe kidude, intaneti na usajili wa EBK kama hujajisajili, na nyingi zitabaki. Nenda hivyo miezi sita. Ikiwa bado unaamka na jambo hili kichwani, ndipo utafute kozi ya kulipia, na kabla ya kutuma pesa uwaandikie maswali manne. Mkenya anaruhusiwa? Vipindi vinarekodiwa? Nikijiondoa narudishiwa ngapi? Mna punguzo kwa anayejilipia mwenyewe kutoka Afrika? Kisha umpelekee mwajiri wako lile andiko la joto na umwambie vipimo vya sensa ni kazi yake pia, achangie. Atakataa pengine. Muulize hata hivyo.

Mrudishie mama simu.

Dada yangu, pesa za mchezo usimpe. Ana mshahara, ana akiba, na kitu anachokihitaji sasa hakizidi elfu kumi. Lakini ile Ijumaa ulikosea. Kijana wa miaka 27 anayekesha kwa hesabu badala ya kamari, ukamgeuza kichekesho mbele ya wajomba zake, na chakula chako mkononi mwake. Usingoje aje yeye. Mpikie pilau tena, wewe na yeye peke yenu, umwambie akueleze yale maneno uliyomwambia arudie mara mbili. Atakueleza kwa muda mrefu. Msikilize mpaka mwisho hata kama huelewi.

Na kabla zege halijamwagwa, mwambie fundi aache bomba la inchi moja lipite kwenye slabu, pembe isiyo na kivuli cha mnazi wala cha ghorofa ya jirani. Ni la waya wa antena. Vyumba vikiinuka juu, litapanda na ukuta. Aliwekee kifuniko, mvua isije ikashukia jikoni kwako.